Uso wa Koleta

Siku ya gulio pale Hedaru, Eliezeri alikuwa juu ya ngazi, misumari minne mdomoni, akifunga bango la duka la dawa za mifugo, ugomvi ulipolipuka chini ya miguu yake.

"Hilo si gunia, Melkizedeki! Hiyo ni nyumba!" Sauti ya msichana ilipaa juu ya honi za malori. "Umelishonea kilemba mpaka limekuzidi urefu, halafu unaliita gunia moja? Shusha!"

"Nenda kalime, we binti. Biashara waachie wanaume."

Eliezeri akaangalia chini. Dalali wa tangawizi, jitu lenye shingo nene, shati la bluu vifungo vitatu wazi na cheni ikimeremeta kifuani, alikuwa ndio kwanza amemsukuma mama mmoja mkulima mpaka akakaa vumbini. Mbele yake alisimama msichana mrefu, gauni la kitenge cha njano na raba za kiume miguuni. Msichana alitupa macho huku na huku, akaona rula ndefu ya chuma imechomoza kwenye begi chini ya ngazi.

"Kaka, naazima!"

Kabla Eliezeri hajatema misumari, rula ilikwisha kutua kwenye sikio la dalali. Paa! Ya pili ikamkuta kwenye kiwiko. Ya tatu ikamshukia mgongoni akiwa mbioni kuelekea nyuma ya lori lake, na soko zima likaangua kicheko. Msichana akarudi akihema, akamnyooshea Eliezeri rula iliyopinda kama mundu.

"Samahani, nimeipinda."

"Ilikuwa ya kupigia mistari iliyonyooka."

"Basi sasa itapigia milima."

Hapo ndipo alipouona uso wake vizuri. Kovu jeusi, lenye kung'aa, lilianzia chini ya jicho la kushoto likateremka hadi kwenye taya. Msichana akamkamata akitazama.

"Kazi yake hiyo," akasema, akimwonesha dalali kwa kidevu. "Angalia ushibe, halafu tuongee mengine. Naitwa Koleta."

Kisa cha kovu hilo kilijulikana milimani kote. Mwaka uliotangulia, wanawake wa kikundi cha tangawizi kule Mamba walilala barabarani kuzuia lori la Melkizedeki lisiondoke na magunia ya lumbesa, yaliyojazwa kupita kipimo halali. Melkizedeki akashuka na sime. Koleta, katibu wa kikundi, hakuinuka. Watu waliomwona akikatwa walikuwa wengi, lakini siku ya kesi hakutokea hata mmoja kusimama mbele ya hakimu, maana dalali alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akitisha. Kesi ikaondolewa, akaachiwa. Tangu siku hiyo kwenye kila kijiwe akawa anasema binti alianguka juu ya bati.

Wiki moja baadaye Koleta alipanda ngazi za Rangi Tatu, ofisi ya usanifu na mabango karibu na stendi ya Same. Ilikuwa chumba kimoja kinachonuka wino na gundi, chenye mashine moja ya kuchapia, Eliezeri, na bosi wake Jenifer, mwanamke wa wigi fupi na ulimi mkali.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibu, keti."

"Tumechoka na magunia," Koleta akaanza hata kabla hajakaa. "Tunasaga wenyewe, tunafunga wenyewe, tunauza wenyewe. Tunataka pakiti."

"Juu yake tuweke nini?" Eliezeri akauliza. "Mlima?"

"Milima kila mtu anayo. Akina mama wamepiga kura. Wanataka uso wangu."

"Wamechagua vizuri."

"Kaka, umeambiwa uchore, hukuambiwa utongoze."

"Huyo hufanya vyote kwa bei moja," Jenifer akasema bila kuinua macho.

Kazi ya wiki mbili ikawa ya miezi miwili. Simu zikaanza.

"Eli, umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Chipsi."

"Chipsi! Mpare mzima, makande yapo, wewe chipsi! Utapeperushwa na upepo wa Same nikakuokote bwawani Nyumba ya Mungu."

"Njoo unipikie, mpenzi."

"Njoo uchambue maharage, mpenzi. Jumapili, baada ya ibada. Usije na viatu vya mjini."

Alikwenda na viatu vya mjini. Alianguka mara mbili kwenye utelezi, na Koleta akacheka mpaka akashika mbavu. Jumapili hiyo, nyuma ya banda la mashine ya kusagia, ukungu umelala juu ya migomba, Eliezeri akambusu juu ya kovu.

"Watu hubusu upande wa pili," Koleta akanong'ona.

"Mimi si watu."

Siku hiyo hiyo akampiga picha ya pakiti. Jumatatu akakaa mbele ya kompyuta, na hapo ndipo alipoharibu.

Kwa miaka sita Eliezeri alikuwa amesafisha nyuso: za maharusi, za wachungaji, za wagombea, hata za marehemu. Chunusi, mikunjo, makovu, vyote viliondoka. Mkono wake uliifanya kazi hiyo kama mkono wa mama unavyochambua mchele huku akizungumza na jirani. Asubuhi hiyo alikuwa akiimba, akiiwaza Jumapili, na mausi ikapita mara tatu shavuni mwa Koleta. Kovu likatoweka. Naye hakuona kwamba limetoweka, kwa sababu kichwani mwake Koleta alikuwa yule yule.

Tena, Rangi Tatu hawakupeleka kitu kuchapwa kabla mteja hajaweka sahihi kwenye sampuli. Eliezeri akaruka hatua hiyo. Alitaka mpenzi wake ashtuke kwa furaha. Faili likaenda kwa wachapaji wa Moshi, na pakiti elfu tano zikarudi moja kwa moja kwenye kikundi usiku wa kuamkia uzinduzi. Wanawake wakajaza unga kwa mwanga hafifu wa vibatari usioonesha sura vizuri, wakapanga kwenye maboksi. Koleta hakuwepo, alikuwa ametangulia Hedaru kutafuta meza.

Asubuhi soko lilifurika. Wanawake walivaa sare za kitenge cha kijani, wakaimba, boksi la kwanza likafunguliwa. Mkono wa kwanza kuchukua pakiti ulikuwa wa Melkizedeki.

"Jamani! Jamani njooni!" akapaza sauti, akiinua pakiti juu. "Mimi niliburutwa mahakamani eti nimemkata mtu uso. Uso si huu hapa? Wamechapa wenyewe! Kovu liko wapi? Nioneshe, wewe mama, liko wapi?"

Wengine wakacheka. Wengine wakasogea kuangalia. Koleta akanyakua pakiti mkononi mwa jirani, akaitazama. Shavu kwenye pakiti lilikuwa laini kama yai.

Kofi lilimfikia Eliezeri, aliyekuwa kando ya meza, kabla ya neno.

"Ulipitisha mdomo wako hapa!" Alijigonga shavuni kwa kidole, kwa nguvu. "Hapa! Kumbe ulikuwa unapima pa kufuta?"

"Koleta, nisikilize. Mkono tu, umezoea..."

"Hata mkono wa Melkizedeki umezoea! Yeye kanikata kwa sime, wewe umenifuta kwa mashine. Yeye angalau aliniangalia!"

Akalipiga teke boksi. Pakiti zikapasuka, unga wa tangawizi ukatimka hewani, watu wakakohoa na kutokwa machozi. Koleta akapita katikati ya vumbi hilo la njano, akarukia bodaboda, akaondoka bila kugeuza shingo.

Eliezeri akamvamia Melkizedeki kwa kichwa. Alimpata mdomoni, akaona damu, akafurahi kwa muda wa pumzi moja. Kisha ngumi ikamshukia, ikafuatwa na kiatu. Alipigwa ubavuni, akapigwa shingoni, akatemewa mate usoni. Walipomwokota alikuwa na jino moja kiganjani na hakujua amelitema saa ngapi.

"Ulikuwa unampigania nani?" Jenifer akamuuliza ofisini, akimkanda uso kwa maji ya chumvi.

"Koleta."

"Muongo. Koleta alikwisha kuondoka. Ulikuwa unaipigania aibu yako. Tulia, usinirukie, nakukanda!"

Eliezeri alimpigia Koleta simu siku tisa. Mara haipatikani, mara inaita mpaka inakatika. Siku ya kumi Koleta akapokea.

"Bado uko hai?"

"Bado."

"Bahati mbaya." Akakata.

Eliezeri akachapa picha ya asili, ile ambayo mausi haikuigusa, kwenye karatasi moja kubwa, akaikunja, akapanda mlimani. Alimkuta Koleta shambani na akina mama. Jembe likaruka hewani likazama kwenye udongo, shubiri moja kutoka kwenye kiatu chake.

"La pili halikosi!"

"Sawa. Ila kwanza saini, au chana." Akaikunjua karatasi juu ya matuta na kuweka kalamu pembeni. "Nilifanya kazi bila kukuuliza. Hilo kosa ni langu, si la mkono."

Koleta alisogea, jembe lingine tayari begani. Akautazama uso wake mwenyewe kwa muda mrefu. Akina mama waliacha kulima.

"Hapa kwenye taya pana giza," akasema mwishoni. "Ongeza mwanga. Nataka lionekane mpaka linapoishia."

"Nitaongeza."

"Na sitaki pakiti kwanza. Nataka bango. Kubwa kuliko lori lake. Lifungwe Hedaru, siku ya gulio."

"Koleta, yule mtu atakuja na..."

"Najua atakuja na nini! Nimekuuliza?" Akaokota kalamu, akaweka sahihi kwa herufi kubwa, nusura achane karatasi. "Na wewe sijakusamehe."

"Najua."

"Basi kaa na huo ujuaji wako."

Bango la mita sita lilipanda ukutani Hedaru asubuhi na mapema. Uso wa Koleta, kovu lake kuanzia jicho hadi taya, na maneno manne: TANGAWIZI YETU. TUMEIPIGANIA KWELI. Watu walisimama chini yake wakiinua shingo. Koleta mwenyewe alisimama mbele ya meza, gauni lile la njano, kichwa wazi, nywele zimesukwa nyuma ili shavu lisijifiche.

Saa nne Melkizedeki akashuka kwenye lori na sime mkononi. Eliezeri akaokota jiwe. Koleta akamkamata mkanda wa suruali kwa nyuma.

"Liangushe."

"Koleta!"

"Liangushe, Eli! Ukimpiga leo, atasema sisi ndio wagomvi. Mwache afanye alichokuja kufanya."

Jiwe lilikuwa zito na zuri mkononi. Mwili wake wote ulitaka kulirusha. Akaliacha lianguke.

Melkizedeki alilifikia bango, akalipiga sime. Turubai likalia. Akapiga tena, na tena, juu ya shavu lile lile, povu likimtoka mdomoni. Mtu mmoja akacheka, na kicheko hicho kikamtia wazimu.

"Mnacheka? Nilikukata kidogo, we malaya! Siku ile ningekata na upande wa pili usingekuwa na mdomo wa kuchapisha!"

Soko likanyamaza. Hata makuli waliacha kushusha mizigo. Melkizedeki akasikia maneno yake mwenyewe yakirudi kwake kutoka kwenye kimya kile, na simu zaidi ya kumi zilizoinuliwa zikimtazama.

Mwanamke wa makamo akajitokeza, ndoo ya samaki kichwani. Alikuwa Kuluthumu, mchuuzi wa perege kutoka Nyumba ya Mungu.

"Siku ile nilikuwa nimepanda lori lako," akasema. "Nilikuona ukishuka na hiyo hiyo sime. Nilikuogopa nikafunga mdomo. Leo umesema mwenyewe, na mimi nasema."

"Na mimi niliona!" sauti ikatoka nyuma.

"Na mimi!"

Melkizedeki akamrukia Koleta. Hakufika. Kuluthumu alimpiga na ndoo, sime ikaruka, na soko likamwangukia kama ukuta. Fito, viatu, vyuma vya mizani. Mtu akaleta tairi. Mwingine akaitisha petroli. Eliezeri aliona miguu ya adui yake ikirusharusha vumbi na moyo wake ukasema, malizeni.

"Asife!" Koleta alikuwa akipiga kelele, sauti imekauka. "Msimuue! Nataka aseme vile vile mbele ya hakimu! Eli! Eli, asife!"

Basi Eliezeri akafanya kitu ambacho asubuhi ile angemtandika yeyote ambaye angemtabiria. Alipenya katikati ya miguu, akajitupa juu ya Melkizedeki, akamfunika kichwa kwa mikono yake. Fito zilizolengwa kwa dalali zikamshukia yeye. Alisikia mfupa wa kidole ukivunjika. Chini yake jitu lile lilikuwa likilia na kunuka mkojo.

"Usiniue," lilikuwa likinong'ona.

"Nyamaza," Eliezeri akasema huku ameuma meno. "Utaongea mahakamani."

Kipigo kilikoma Koleta alipojilaza juu yao wote wawili, gauni la njano limetanda, akimtukana kila aliyeinua fimbo kwa jina lake na la ukoo wake.

Polisi walifika na gari lao dogo. Wakamtupa Melkizedeki nyuma, pingu mikononi, wakaiokota sime. Afande mwenye daftari akawa anaita watu wa kwenda kuandika maelezo Same.

"Mlalamikaji?"

"Mimi," Koleta akasema.

"Shahidi?"

"Andika Kuluthumu. Na hao nyuma yangu, andika wote."

Afande akamtazama Eliezeri, aliyekaa chini akikumbatia mkono wake uliovimba, shati limebaki kola.

"Na huyu? Naye mlalamikaji? Shahidi? Mtuhumiwa?"

Eliezeri akajaribu kuinuka.

"Huyo ni mchumba wangu," Koleta akasema.

Afande akainua kalamu. "Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Hata yeye ndio anasikia." Akamshika kwapani, akamwinua kwa nguvu mpaka akaguna kwa maumivu. "Panda gari, Eli. Tukitoka polisi unapitia hospitali, na ukitoka hospitali unakwenda kwa baba yangu kujieleza. Na umwambie yote, sitaki ufute hata neno moja."