Mlango Kwanza

Saa 3:05 asubuhi. Ijumaa.

Chumba cha nyuma, duka la kutengeneza simu, Makorora. Feni imekufa tangu Ramadhani. Watu wanne, chapati tatu. Hiyo tu ingetosha kuvunja genge.

Himyar aliingia wa mwisho. Akafunga komeo, ndipo akasalimia. Sheria yake: mlango kwanza, maneno baadaye. Hata mama yake mzazi angefungiwa kwanza, shikamoo ingefuata.

"Saa sita na robo tajiri wa mawe anakwenda msikitini," alisema. "Walinzi wake wote wawili anakwenda nao. Hataki dhambi ya kumzuilia mtu Ijumaa. Mlango wa nje, Castory anao ufunguo. Chumba cha vito kina mlango wa chuma, kufuli la umeme. Kisanduku cha Fanueli kinalidanganya, linafunguka. Tunaingia, tunafunga. Mlango ukikaa wazi dakika moja, king'ora. Tunabeba, tunachomeka kisanduku upande wa ndani, tunatoka."

"Na swala yako, sheikh?" Castory aliuliza. Huyu ndiye mikono ya genge. Shingo hana, ana mabega tu.

"Nitailipa. Fanueli, washa tuone."

Fanueli, mtoto wa mwinjilisti wa Soni, alibonyeza. Taa ya kijani ikawaka. Moja, mbili, tatu. Ikafa.

"Jana kilikuwa kinawaka," Castory alisema.

"Jana kilikuwa na hesabu za siri za kufuli la zamani. Tajiri kabadilisha kufuli, nikaziandika upya. Ziko mwanzo kabisa, kabla kisanduku hakijajua hata jina lake."

"Una mpaka saa sita," Himyar alisema. "Kazi ikiisha, Anastazia atakushusha Tongoni, utulie siku mbili tatu. Kama Edgar."

Edgar alikuwa fundi wa genge kabla yake. Ndiye aliyemfundisha Fanueli kazi. Walisema amerudi kwao Soni. Miezi minne, simu haiiti.

Saa 4:20.

Fanueli aliunganisha kisanduku na kompyuta, akasoma mistari kinayoitapika kabla ya kufa. Mstari wa mwisho ni uleule kila mara. Castory alihesabu sekunde kwa saa ya mkononi. Mkanda mwekundu, kioo kimepasuka pembeni.

Kioo kile alikipasua Fanueli mwenyewe, kwa koleo, saa ikiwa mkononi mwa Edgar, siku anamfundisha kulehemu.

"Saa nzuri," alisema.

"Ya urithi," Castory alijibu, akacheka peke yake.

Fanueli alisubiri woga uje. Haukuja. Wala hasira. Akarudi kwenye mistari.

Saa 5:10.

Anastazia, dereva, alileta chai. Castory alikuwa uani anajisaidia.

"Edgar nilimshusha Tongoni," Anastazia alisema kwa sauti ya chini. "Yeye na Castory. Castory alirudi peke yake."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

"Na leo?"

"Leo nimekuona unavyoiangalia ile saa. Kunywa, inapoa."

Saa 5:35.

Kosa lilikuwa la kijinga. Miezi minne na Himyar ilikuwa imemwingia vidoleni: aliweka kufuli kwanza. Zile hesabu za siri zilianza kabla kumbukumbu ya kisanduku haijaamshwa. Zinakwenda kuchukua ufunguo kwenye kabati ambalo halijajengwa. Zinaanguka, kisanduku kinaanguka nazo.

Akazishusha mistari sita. Kijani. Akazima, akawasha. Kijani.

Kisha akaongeza kitu. Kikichomekwa kwenye kufuli mara ya kwanza, mpangilio mpya. Mara ya pili, ule wa zamani, wenye kosa. Vidole vilikwenda vyenyewe, kama vinamenya muhogo.

Saa 5:50 Himyar alikiwasha mwenyewe mara tatu. Kijani mara tatu.

"Hodari," alisema.

Saa 6:48 mchana.

Kichochoro nyuma ya duka la tajiri. Anastazia kwenye usukani, Fanueli nyuma. Himyar na Castory waliingia ndani na kisanduku.

Saa 6:59 simu iliita.

"Fanueli." Himyar, taratibu. "Taa imezima. Sekunde ya tatu."

"Umefunga mlango?"

"Si unanijua."

"Nakujua."

"Basi sema nifanye nini, mdogo wangu."

"Edgar alisema nini kule Tongoni?"

Nyuma ya Himyar, Castory alikuwa anauliza kuna nini.

Fanueli aliiweka simu kitini bila kuikata. Sauti iliendelea kuita jina lake, ndogo, ya mbali. Akatoa kipande cha chapati mfukoni, akala. Hakikuwa na ladha.

"Wapi?" Anastazia aliuliza.

"Soni. Kwa mama yake Edgar."

Watu walikuwa wanatoka msikitini. Tajiri alipita karibu na dirisha, kanzu nyeupe, walinzi wawili na bunduki zao nyuma yake.

"Shikamoo, mzee," Fanueli alisema.

"Marahaba, mwanangu. Ijumaa njema."

Akapita, anatafuta kadi ya mlango wa chuma mfukoni.