Kibao cha Sita

Hakuwa na filimbi. Hakuwa na kamba, wala tochi, wala kiberiti. Hakuwa na koti la mvua. Alivaa koti lake la Jumapili, lile la kwendea harusini. Hakuwa na viatu vya mlima. Alivaa viatu vya ngozi alivyovipiga rangi mwenyewe asubuhi ile mpaka vikang'aa. Hakuwa na ramani, kwa kuwa alijiona yeye ndiye ramani. Na zaidi ya hayo yote, Mchora Mabango hakuwa na neno "sijui". Kwa miaka thelathini watu walimsikia akisema "ngoja nipime", "njoo kesho", hata "rangi imekwisha", lakini hilo jingine halikuwahi kumtoka mdomoni.

Safari yenyewe haikuwa ya kumtisha mtu. Ofisi ya misitu ilikuwa imefungua njia fupi mlimani kwa ajili ya wanaoanza: saa tatu kupanda na kushuka, bila kamba, bila mwongozaji, ila vibao kumi na viwili vya kuonyesha njia. Vibao hivyo alivichora yeye. Kwa hiyo Jumapili ile aliwachukua watu wawili aliowapenda kuliko wote mjini akawaonyeshe.

Wa kwanza alikuwa Fundi Saa, jirani yake wa duka. Ukuta uliowatenganisha ulikuwa wa mbao nyembamba, mmoja akipiga chafya mwenzake anamwombea afya bila kuinua kichwa. Daktari alikuwa amemwambia Fundi Saa atembee, presha imepanda. Wa pili alikuwa mkewe, mshona sare za shule, ambaye Mchora Mabango alimwita Shemeji tangu siku ya harusi. Shemeji alibeba chupa ya chai, mkate, mayai ya kuchemsha na mwamvuli.

"Hiki cha nne," Mchora Mabango alisema, akisimama mbele ya kibao mikono nyuma. "Tazama hiyo M ilivyotulia."

"Ndugu yangu," Fundi Saa alisema huku akihema, "tumekuja kupanda mlima au kukagua mwandiko wako?"

"Mwache," Shemeji alisema. "Akimaliza kusifu herufi utakuwa umeshapumzika."

Walicheka. Huo ndio ulikuwa mcheko wa mwisho wa watatu hao.

Walipofika kibao cha sita ukungu ulikuwa umeshuka. Ulikuja bila haraka, ukameza vilele vya miti, kisha mashina, mwisho ukawaachia hatua kumi tu za kuona. Hapo njia iligawanyika. Mshale ulielekeza kushoto, kwenye njia nyembamba iliyoteremka.

"Ya kulia imekanyagwa zaidi," Fundi Saa alisema.

Mchora Mabango alikitazama kibao, akausogelea mshale. Kulikuwa na kibao kimoja kilichomkaa rohoni. Mwezi uliopita, Ijumaa jioni, vanishi ikiwa imeshakauka, alivipanga vyote ukutani akavilinganisha na karatasi ya ofisi. Kimoja kilipishana nayo. Karatasi ilisema kulia, mshale ukatazama kushoto. Kukikwangua na kukirudia ilikuwa kazi ya siku mbili, na gari la ofisi lilikuwa nje linapiga honi. Akajiambia njia ni njia, mwenye macho ataiona. Akakipakia pamoja na vingine. Kilikuwa cha ngapi? Cha sita? Cha tisa? Hakuandika popote.

"Una hakika ni huku?" Fundi Saa aliuliza.

"Huo ni mkono wangu," alijibu upesi. "Twende."

Wakaenda kushoto.

Njia ile ilikuwa ya wakata mbao wa zamani, na miaka mingi haikuwa imepitwa na mtu. Iliteremka, ikabana, ikaanza kupita ukingoni mwa korongo. Mvua ikaanguka. Haikuwa mvua ya kujikinga kwa mwamvuli. Ilikuwa mvua ya kumpiga mtu usoni na kumziba pumzi. Viatu vya ngozi viliteleza kama sabuni. Shemeji alikuwa wa kwanza kusema turudi, na kwa mara ya kwanza Mchora Mabango hakubisha. Walipogeuka, udongo chini ya Fundi Saa ulikatika.

Hakupiga kelele. Alitoweka tu, na Mchora Mabango, aliyerusha mkono kumdaka, akaenda naye. Waligonga mizizi, wakagonga jiwe, wakabingirika pamoja na tope na matawi hadi chini, ambako kijito kilikuwa kimeanza kunguruma.

Shemeji alishuka akishika mizizi, mwamvuli umefungwa kiunoni. Aliwakuta mmoja ameketi akishika mbavu, mwingine amelala chali. Mguu wa kulia wa Fundi Saa ulikuwa umepinda pasipo na goti, na mfupa mweupe ulikuwa umetokeza kwenye suruali.

"Usiutazame," Shemeji alimwambia mumewe.

"Siutazami. Ninausikia."

"Na wewe, unaweza kuinuka?"

"Naweza," Mchora Mabango alisema. Kila pumzi ilikuwa kisu.

"Basi mkamate mabega. Nikivuta, usimwachie."

Alichana kilemba chake vipande. Alivunja mwamvuli, akachukua mpini wake na kijiti kimoja kilichonyooka, akauweka mguu katikati, akafunga. Vidole vyake, vilivyozoea kushona ukosi, havikutetemeka hata alipovuta na mumewe akauma mkono wa koti la Jumapili mpaka kitambaa kikachanika. Damu ilipungua. Haikukoma.

Simu zilikuwa mbili. Moja ilikuwa imeingia tope, nyingine haikushika mtandao chini kule. Shemeji alijaribu kupanda tena, akafika nusu ya ukuta wa korongo, akateleza, akarudi chini na kucha zimeng'oka. Kijito kilikuwa kimejaa kifusi. Kukifuata hakukufaa, hatua mia mbili mbele kilidondoka kwenye maporomoko, walisikia kishindo chake.

"Tutakaa," Shemeji alisema. "Maji yakipungua tutapanda."

Wakakaa. Walimweka Fundi Saa chini ya jiwe lililojitokeza, wakamlalia pande mbili kumpa joto. Waligawana mkate uliolowa. Maji ya kunywa waliyakinga kwenye kifuniko cha chupa ya chai, wakamnywesha mgonjwa kwanza, funda kwa funda. Giza lilipoingia baridi ilikuja na meno yake. Hawakulala. Fundi Saa alitaja saa kila mara bila kutazama saa yake, na asubuhi walipoitazama walikuta imesimama tangu mchana uliopita.

"Kibarua aliyesimika kile kibao," Shemeji alisema kulipoanza kupambazuka, "ningemwona leo ningemwonyesha huu mguu."

Mchora Mabango alishajua. Usiku kucha aliviona vile vibao ukutani kimoja kimoja, na cha sita kilikuwa kimeegemea mlango, mshale ukitazama kushoto.

Mvua ilikuwa imekatika. Shemeji alipokwenda kutafuta maji safi juu kidogo ya kijito, Mchora Mabango aliinama karibu na sikio la rafiki yake.

"Kibao nilikosea mimi. Nilijua kuna kimoja kimekosewa. Nikakiacha kiende."

Fundi Saa alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Najua," alisema.

"Umejua lini?"

"Uliponijibu upesi. Ukiwa na hakika huwa unapima kwanza."

Mchora Mabango aliweka paji la uso juu ya jiwe baridi.

"Nisikilize," Fundi Saa alisema, na maneno yake yalikuja moja moja. "Ukitoka hapa, usiseme hivyo. Sema kibao kilisimikwa vibaya. Kibarua atapata kazi nyingine. Wewe una jina moja tu. Likiharibika, duka lako litafungwa, na shemeji yako atabaki na ukuta mtupu. Nani atamwangalia?"

"Utamwangalia mwenyewe."

"Acha mchezo, ndugu yangu. Nenda ukalete watu."

Shemeji aliporudi na maji, Mchora Mabango alikuwa ameshavua viatu vya ngozi. Alipanda peku. Alishika mizizi, alishika majani, mahali pengine alishika udongo mtupu na kuomba. Mara tatu mbavu zilimfanya azimie macho wazi, kifua kimebandikwa ukutani, mpaka pumzi ikarudi. Jua lilikuwa limepanda sana alipofika ukingoni. Kutoka pale alitambaa zaidi ya kutembea, hadi kwenye njia panda.

Ukungu ulikuwa umeondoka. Njia ya kulia ilikuwa pale, pana, kavu, imekanyagwa, na mwisho wake aliona bati la kibanda cha kupumzikia likimetameta. Dakika tano. Na mbele yake kilisimama kibao cha sita, kimeoshwa na mvua, kizuri, herufi zake zimetulia kama alivyozitaka, mshale wake ukitazama korongoni.

Alikikumbatia akakitikisa. Hakikutikisika. Aliyekichimbia alikuwa amekichimbia kama anayesimika nguzo ya nyumba yake mwenyewe, kwa kokoto zilizoshindiliwa. Mchora Mabango alichimba kwa jiwe na kwa kucha, akilia, mpaka nguzo ikalegea. Akaing'oa, akailaza kukatisha njia ya kushoto ili asipite mtu mwingine. Kisha akakimbia kushuka kwenda langoni, kama mbio hizo zilistahili kuitwa mbio.

Walinzi wa msitu walikwenda na kamba na machela. Walimkuta Fundi Saa kichwa chake kikiwa mapajani mwa mkewe, uso umefunikwa kwa kipande cha kilemba kilichobaki. Alikuwa amekata roho kabla ya saa sita. Shemeji aliwaomba wasimharakishe. Alikuwa bado anamfunga vifungo vya shati.

Siku ya tatu afisa wa misitu alifika hospitali, akavuta kiti karibu na kitanda cha Mchora Mabango. Alikuwa mtu mpole, na karatasi zake zilikuwa safi.

"Tumekikuta kibao kimeng'oka," alisema. "Inaonekana hakikuchimbiwa vizuri. Kililegea kikageukia upande mbaya. Sivyo, mzee?"

Mchora Mabango alikumbuka midomo ile yenye rangi ya majivu. Akatikisa kichwa kukubali. Afisa akaandika, akampa pole, akaondoka.

Wiki mbili baada ya mazishi alirudi dukani. Hakushika brashi. Aliketi akitazama mikono yake, ambayo kucha zake zilikuwa zinaanza kuota upya. Ng'ambo ya ukuta wa mbao cherehani ya Shemeji ililia. Alikuwa amehamia kwenye duka la marehemu ili asikae peke yake nyumbani. Mchana ule cherehani ilinyamaza, na sauti ya mwanamume asiyemjua ikapita kwenye mbao.

"Pole sana, mama. Nimechelewa kuja. Niliona aibu."

"Karibu. Wewe ni nani, kaka?"

"Mimi ndiye niliyechimbia vile vibao."

Mchora Mabango alisikia kiti kikivutwa.

"Kaa," Shemeji alisema, na sauti yake haikuwa na ukarimu.

"Nitasimama, mama. Wamenisimamisha kazi, hilo si la kukusumbua. Nimekuja kukwambia kitu kimoja tu. Lile shimo nililichimba mpaka hapa." Labda alionyesha pajani. "Nikashindilia kokoto. Watoto wangu wananiuliza, baba uliua mtu? Sijui niwajibu nini. Ninarudia kulifikiria lile shimo, mama. Sielewi lililegeaje."

"Nimekusikia," Shemeji alisema. "Nenda salama."

Nyayo zikaondoka. Cherehani haikulia tena siku ile.

Mchora Mabango alichukua karatasi. Aliandika kwa mwandiko wa kazini, herufi zilizosimama wima, kisha akaichana na kuanza tena kwa mwandiko wa kawaida. Aliiandikia ofisi ya misitu. Alisema ni nani, alisema karatasi yao iliagiza kulia naye akachora kushoto, aliliona kosa kabla kibao hakijatoka dukani, akalinyamazia. Alisema kibao aliking'oa yeye. Alisema hospitali alidanganya kwa kichwa. Akatia jina lake lote, na chini yake kazi yake.

Kisha akapita mlangoni kwa jirani, jambo ambalo hakulifanya tangu mazishi. Mezani kwa Fundi Saa saa zilikuwa bado zimefunguliwa, skrubu zake kwenye vifuniko vya chupa. Alimkabidhi Shemeji barua, akasimama.

Shemeji alisoma polepole. Alirudi juu, akasoma tena.

"Alijua?"

"Alijua."

"Alisema nini?"

"Aliniambia ninyamaze. Kwa ajili yako."

Shemeji alitazama meza ya mumewe. Mashavu yake yalikaza, kama mtu anayeuma uzi.

"Usiku ule tulimlalia pamoja kumpa joto," alisema. "Nawe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Sitakwambia nimekusamehe, shemeji. Usingojee hapo."

"Singojei."

Akaitazama barua tena, akaweka kidole kwenye mstari.

"Hapa umeandika uliking'oa. Hukuandika kilikuwa kimechimbiwaje."

Alimsukumia kalamu. Mchora Mabango aliinama juu ya meza ya saa akaongeza: *Kilichimbiwa vizuri mno. Nilikitoa kwa shida kubwa.* Mstari ule ulipanda upande mmoja. Ulikuwa mstari mbaya kuliko wote aliowahi kuandika, naye hakuurekebisha.

Shemeji aliukunja waraka mara tatu, akautia ndani ya bahasha, akalamba gundi, akaikandamiza kwa subana iliyokuwa bado kidoleni. Akamrudishia.

"Posta wanafunga saa kumi," alisema, akawasha cherehani.

Alifika zikiwa zimebaki dakika chache. Alitumbukiza bahasha kwenye tundu la sanduku, akasikia ikitua juu ya barua za watu wengine.