Kitabu cha Mwalimu Doyo

Uongo mimi nimewaachia wengine. Haya yalimpata rafiki yangu Gelle, muuza sambusa wa hapa Garissa.

Mwalimu Doyo alipokwenda Modogashe alimwachia amana, kitabu cha hadithi za zamani za mashine zinazofikiri na watu wa nyota, zote za mwandishi mmoja. Gelle akakichana, akafungia wateja sambusa. Mwalimu aliporudi alikuta jalada tupu.

"Wallahi mwalimu, hadithi zako tamu! Hasa zikipata mafuta," Gelle akacheka.

"Karatasi kwa karatasi, Gelle." Mwalimu akachukua jalada lake, akaenda.

Adhuhuri Gelle alishusha mabati ya kibanda, akaswali gizani. Kesho yake binti yake Ifrah angehojiwa apate kitambulisho, na vyeti vyake vyote vilikuwa sandukuni mle kibandani, ufunguo shingoni mwa Gelle. Akiwa amesujudu akasikia: chwaa. Kimya. Chwaa. Ndani ya sanduku kitu kilichana polepole, kwa mwendo uleule wa Gelle achanapo karatasi za sambusa.

Akatoa salamu, akafungua kufuli la sanduku. Kitabu kilikuwa ndani, kizima, na jalada lake. Juu yake vyeti vya Ifrah, vimechanwa saizi ya sambusa, vimelowa mafuta, bado vina moto.