Mtu wa Tatu Darajani

Kwenye daraja lile walinzi walikuwa wawili, tangu siku ya kwanza mashine ya gemu ilipowashwa. Mmoja alikaa kushoto akivuta sigara, wa pili aliegemea magunia ya mchanga upande wa kulia. Unampiga wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, kisha unavuka. Kila mchimbaji wa Geita aliyewahi kukaa kwenye mabenchi ya Hemal alilijua hilo kama anavyoijua njia ya kwenda kwao. Jumanne ile, saa sita mchana, akatokea wa tatu.

Alitokea kwenye migomba. Hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu ainuke aende zake, maana daraja lile lilikuwa la nchi ya theluji, kweupe mwanzo mpaka mwisho, na mgomba haujawahi kuonekana pale. Mtu mwenyewe alivaa fulana nyeupe na kaptura, miguu peku, na kichwani alibeba sufuria.

"Baba," Mwigulu akasema taratibu, pedi ya gemu ikiwa mkononi. "Huyu hana bunduki."

Ilikuwa mwaka 1998. Hemal aliwauzia wachimbaji mabeleshi, kamba na taa za karabai, na nyuma ya duka alikuwa na stoo. Aliziba madirisha yake kwa mablanketi, akapanga mabenchi, akaweka televisheni na mashine ya gemu aliyoletewa na binamu yake kutoka Mwanza. Gemu ilikuwa ya vita na maneno yake yote ya Kiingereza. Wachimbaji waliona watu wanakimbia na kufa wasijue kwa nini, na mtu hawezi kurudi kila siku kuangalia vifo visivyo na sababu. Hemal, ambaye hakuwa mjinga, akamtafuta Thobias, babake Mwigulu.

Thobias alikuwa amepigana vita vya Kagera, na mjini walimwita Afande. Hemal alimpa kipaza sauti na kiti cha mbele, akamwambia asimulie. Kiingereza hakukijua kuwazidi wenzake, ila hadithi alikuwa nazo. Mlinzi wa kushoto, Thobias alimpa kosa la kuchoma kanisa lenye watu. Wa kulia alimfanya mwizi wa dawa za wagonjwa. Kila adui alipata dhambi yake, hata wale waliotokea mara moja wakaanguka. Ukumbi ukafurika. Ukishampa mtu kosa, kumpiga kunakuwa kazi nyepesi, na wanaotazama wanapiga makofi na kwenda kulala vizuri. Hilo Thobias alilijua zamani sana, kabla hata Hemal hajafungua duka.

"Hana bunduki, Baba," Mwigulu akarudia.

Mashine ikangoja. Mtu wa fulana akainua mikono juu. Sufuria ikadondoka, ikabiringika darajani, ikazunguka na kuzunguka, na mlio wake ukajaa ukumbi mzima, mlio wa sufuria ya kweli kwenye sakafu ya saruji, ilhali gemu ile haikuwa na sauti nyingine zaidi ya muziki na risasi. Mdomo wa Thobias ukasema kabla mwenyewe hajaamua.

"Jasusi huyo. Sufuria ina bomu. Piga."

Mwigulu akapiga.

Daraja likawa tupu, theluji peke yake, na watu wakashangilia kwa kuwa walizoea kushangilia hapo. Lakini sufuria haikuacha. Ilizunguka chini ya mabenchi, mahali fulani kati ya miguu ya watu, ikapunguza mwendo kidogo kidogo kama sufuria zinavyofanya, mpaka ikatulia. Kisha ikaja harufu ya ndizi zilizoungulia. Mwigulu alikuwa anajaribu kuiachia pedi na vidole havimtii. Hemal alikuja kuvifungua kimoja kimoja, na kidole cha kufyatulia kilibaki kimejikunja vilevile, hakinyooki.

Jumatano kiganja kilikuwa baridi. Alhamisi baridi ilifika kwenye kiwiko. Hospitalini walimpima damu, wakampa vidonge, wakamwambia apumzike. Mwigulu alikuwa na miaka kumi na tisa, mpiga nyundo kwenye duara, shimo la dhahabu ambalo watu kumi waliliingia kwa zamu. Mpiga nyundo asiye na mkono wa kulia hana zamu.

"Ni jini, Mzee Thobias," Hemal alimnong'oneza dukani. "Limekuja na mashine. Nimechomoa waya tangu jana. Leo saa sita mama yangu amelisikia stoo, linazungusha chombo. Ametundika ndimu na pilipili mlangoni, na linaendelea tu."

"Irudishe Mwanza."

"Nani ataibeba?"

Nyumbani, Melania alikuwa akiukanda mkono wa mwanawe kwa samli. Alikuwa ameanza tangu asubuhi.

"Ni mkosi wangu," alimwambia mumewe bila kuinua macho. "Wawili nimewazika hata hawajatambaa. Sasa wamemfuata na huyu."

Majirani walishalisema hilo miaka mingi, na Melania alishalikubali. Thobias alisimama mlangoni, moyo ukamuuma kweli, na akamwacha aamini hivyo.

Kwao kijijini, upande wa Shinyanga, mtu aliyeua vitani hakuingia ndani siku aliyorudi. Alisimama nje ya boma akasema kwa sauti kwamba ameua, akaoshwa kwa dawa, ndipo akamshika mke na mtoto. Thobias aliporudi mwaka 1979 wazee walikuwa wanamngoja na beseni la dawa. Akawaambia hakuua mtu, alikuwa dereva wa lori la chakula. Wazee wakaimwaga dawa. Akaingia, akampokea Mwigulu, mtoto aliyezaliwa yeye akiwa vitani, na mtoto, kama watoto wachanga walivyo, akakikamata kidole cha shahada cha mkono wake wa kulia asitake kukiachia.

Ijumaa alifika mganga kwa basi la Tinde. Aliitwa Apolonia, mwanamke wa makamo, mnene, mwenye haraka, ambaye alisema mpunga wake unaliwa na ndege hivyo wasimcheleweshe. Alichinja kifaranga, akakipasua, akatazama chini ya bawa. Akatazama tena. Kisha akamwita Thobias nyuma ya nyumba.

"Ulipotoka vitani, nani alikuosha?"

"Mayu," Thobias akamwita, kama kwao wanavyomwita mama, "mimi nilikuwa dereva. Sikuua mtu."

"Sijakuuliza kama uliua."

Ndani Mwigulu alikohoa, kikohozi kidogo, cha mtu anayeona baridi.

"Huyo aliyetokea amebeba nini?" Apolonia akauliza kwa sauti ya chini.

"Sufuria."

"Na wewe ukasema amebeba nini?"

"Bomu." Thobias aligeuka kuitazama nyumba. "Na kule ng'ambo ya mpaka nilisema hivyohivyo. Nilimwambia kamanda wangu maneno yaleyale."

Apolonia alijifuta damu ya kifaranga kwenye majani. "Majini ya kununuliwa nayafukuza kwa kuku mmoja, nikawahi basi. Huyu ni mtu, na mtu mwenye haki yake hafukuzwi. Mara ya kwanza ulimpiga kwa mkono wako. Mara ya pili umemtuma mtoto. Mficha uchi hazai, baba. Lile kosa ulilompa mbele ya watu, mvue mbele ya watu haohao. Halafu mkeo umwambie mwenyewe, kwa mdomo wako."

"Nisipoweza?"

"Baridi ikifika kifuani usiniite mimi. Muite seremala."

Jumamosi saa sita kasoro ukumbi ulijaa hadi mlangoni, maana habari ya jini haihitaji tangazo. Mwigulu aliletwa amefungwa blanketi, midomo imekuwa ya kijivu, baridi imeshavuka bega. Walimkalisha mbele na kumwekea pedi mapajani. Hemal alirudisha waya, akawasha jenereta, akaenda kusimama karibu na mlango.

Daraja likatokea, na theluji, na walinzi wote wawili hawakuwepo, si wa kushoto wala wa kulia, kulikuwa na migomba tu, imesogea mbele kuliko Jumanne, majani yake yanatikisika na kwenye ukumbi hakuna upepo, na ile harufu ya kuungulia ikaingia kupitia mablanketi, ikawakaa watu kooni, wakaanza kukohoa mmoja mmoja na kuziba pua kwa mashati, hata wale wa nyuma waliokuja kucheka wakaacha kucheka, na kutoka kwenye migomba akaja yule mtu, taratibu, sufuria kichwani, akasimama katikati ya daraja akainua mikono, na safari hii hakumtazama Mwigulu aliyeshika pedi, alimtazama aliyeshika kipaza sauti.

Sufuria ikaanguka. Ikaanza kuzunguka, na haikupunguza mwendo.

"Piga, Afande, mwambie apige," mtu mmoja alinong'ona.

Kidole cha Mwigulu kilikuwa kinajivuta chenyewe kuelekea kwenye kitufe. Thobias alikiona. Akakifunika kwa mkono wake wa kushoto, akakizuia, na wa kulia ukainua kipaza sauti.

"Hana silaha," alisema. Akakisogeza kipaza sauti karibu, akaanza upya. "Hana silaha. Amebeba sufuria, ndani mna ndizi. Niliziona baadaye. Zilikuwa zimeungulia chini, nadhani aliziepua haraka alipotusikia. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali. Aliinua mikono. Nilikuwa na muda. Nilikuwa na muda wa kuona kwamba fulana yake imetoboka hapa begani."

Hakuna aliyekohoa sasa.

"Hakuna aliyeniamuru. Tangu tuvuke mto nilikuwa sijafyatua hata risasi moja, na wenzangu walinicheka, waliniita mke wa kamanda. Walikuwa nyuma yangu wanatazama. Basi nikapiga. Kamanda na wenzangu walipouliza nikasema jasusi, sufuria ina bomu. Wakakubali, kwa sababu hiyo ilikuwa hadithi nzuri kuliko ile ya kweli. Mimi sikuwa dereva. Mimi nilimuua mtu aliyekuwa anapika."

Kutoka nyuma mchimbaji mmoja akauliza, kama mtu anayeogopa jibu, "Afande, na yule aliyechoma kanisa?"

"Naye nilimtungia."

Sufuria ikapunguza mwendo, ikatulia. Yule mtu akashusha mikono. Akainama, akaiokota, akaipangusa kwa fulana, akaanza kutembea kuja mbele, mkubwa, mkubwa zaidi, mpaka kioo kizima kikawa weupe wa fulana yenye tundu begani. Kisha akapita pembeni na hakuonekana tena. Jenereta ikazimika. Katika giza lile Thobias alihisi chini ya kiganja chake kidole kinanyooka, halafu cha pili, halafu vyote, vikiwa na joto.

Watu walitoka bila kusukumana. Hakuna aliyemwita Afande.

Baba na mwana walirudi nyumbani kwa miguu. Mwigulu alikuwa akifumba na kufumbua kiganja chake juani, na njia nzima hakumwangalia babake. Thobias naye alikuwa akitunga. Hakuwa anatunga uongo, alijiambia, alikuwa anapunguza makali tu. Ukumbi umeshapata yote. Melania, aliyeupikia mkono usiooshwa kwa miaka kumi na tisa, aliyewazika wawili na kujilaumu mwenyewe, angeyabebaje yote? Ingetosha kubadili kitu kimoja. Saa, kwa mfano. Usiku mtu haoni vizuri, na asiyeona vizuri husamehewa.

Melania alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Alipouona mkono wa mwanawe alilia kidogo, akaushika, akambusu kila kidole, akamtilia uji kwenye kikombe. Mwigulu akakipokea kwa mkono wa kulia. Ndipo Melania akamgeukia mumewe.

"Kuna mgeni ndani."

"Mgeni gani?"

"Hakutaja jina. Amekuja na sufuria yake. Nimempa kile kiti chako." Alizungumza kwa sauti ya chini, ya mtu asiyejua kama aogope. "Amesema una habari ya kunieleza, na yeye atangoja humohumo ndani mpaka umalize. Habari gani, Baba Mwigulu?"

Mlangoni ilitoka harufu ya ndizi zilizoungulia. Thobias akaketi chini, mbele ya mkewe. Alimtazama usoni, akaona pale palipochoka, na huruma ikamshika, au pengine haikuwa huruma.

"Ni habari ya vitani, Mama Mwigulu," alianza. "Kuna mtu nilimpiga. Ilikuwa usiku, giza, hata sura yake siku..."

Ndani, kitu cha bati kiligonga sakafu, kikaanza kuzunguka. Kikombe kikamponyoka Mwigulu, uji ukamwagika kwenye vumbi. Alikuwa anakitazama kidole chake, nacho kilikuwa kinajikunja, taratibu, mbele ya macho ya mama yake.

"Hapana," Thobias alisema, na hakuipandisha sauti. "Hapana. Ilikuwa mchana, Melania. Ilikuwa saa sita mchana, na nilimwona vizuri."