Majivu ya Daraja Mbili

Maiti ililala kifudifudi kando ya barabara, kichwa ndani ya majivu. Ilikuwa asubuhi ya Agosti 1969, na wachuuzi wa ndizi wa soko la Daraja Mbili walisimama mbali.

Inspekta Machogu wa polisi wa Kisii aliinama. Marehemu alikuwa Onchiri, askari wa mji. Kwa wiki sita alikuwa na kazi moja: kuzima mioto ya barabarani kwa ndoo ya maji. Mioto hiyo ilipigwa marufuku baada ya vijana kuizunguka usiku, kisha kuvunja maduka.

"Aliungua akiwa hai?" Machogu aliuliza.

"Hapana," daktari wa polisi alijibu. "Fuvu limepasuka kisogoni. Kooni hamna moshi."

Machogu aliokota kipande cha gogo kilichosalia. Ganda lilikuwa la mti wa muwati. Wengine sokoni walitumia makaa. Kuni za muwati alikuwa nazo mtu mmoja tu: Esnah Nyanchera, muuza uji, aliyezileta kutoka kijijini kwao Sironga.

Alimkuta kibandani akikoroga sufuria.

"Mama, alfajiri ulimwona Onchiri?"

"Nilimwona."

"Akifanya nini?"

"Akizima moto wangu."

"Meko yako yameruhusiwa. Ule wa barabarani uliuwasha wa nini?"

Esnah aliweka mwiko chini. "Ili aje."

Machogu alitoa daftari.

"Mwezi uliopita mvua ilitunyeshea njiani, mimi na mtoto wangu wa miezi minne. Alikuwa anatetemeka. Nikawasha kuni palepale barabarani. Onchiri akazimwagia maji. Nikamwomba aniachie hata kaa moja. Akasema amri ni amri. Siku ya tatu mtoto akabanwa na kifua. Siku ya tano tukamzika."

"Na leo?"

"Aliinama amwage maji. Nikampiga gogo mara moja, akaangukia motoni." Sauti yake haikupanda. "Hakunikumbuka, Afande. Alinisalimia vizuri tu."

Machogu aliandika yote. Wachuuzi walikuwa wamesogea, wakisikiliza.

"Hiyo amri," Esnah aliuliza, "ilitoka kwa nani? Onchiri hakujua hata kusoma."

Kalamu ilisimama.

"Pendekezo lilikuwa langu," Machogu alisema.

Esnah alinyoosha mikono ifungwe pingu.

"Basi andika na hilo."