Miguu Miwili ya Kulia

Kila asubuhi, jua likiwa bado linapiga miayo, cherehani ya mama ilianza kulalamika sebuleni: tra-tra-tra-tra. Hiyo ndiyo iliyokuwa kengele ya Kiberenge. Akiisikia tu, aliruka kitandani, akanawa uso upande mmoja, akanywa chai huku anavaa viatu, na mara hiyo yuko barabarani, anakimbia kana kwamba shule inataka kuhama. Mtaa mzima ulimwita Kiberenge, kwa sababu kile kigari cha reli kina tabia mbili: hakijui kupunguza mwendo, wala hakijui kunyamaza.

"We mtoto! Umesahau begi!" mama alipaza sauti karibu kila siku.

"Sijasahau, mama! Ndilo ninalolirudia!"

Wiki hiyo shuleni hakukuwa na habari nyingine ila safari. Chama cha watembea milimani kilikuwa kinajiandaa kwa mwendo wa siku nne: kukata msitu, kupanda mgongo wa mlima, kisha kuteremkia upande wa pili kwenye ziwa. Chama hicho kilikuwa na desturi yake. Kwingine mwenye mbio hutangulia. Kwao aliyetangulia ni yule wa polepole kuliko wote, ili wengine wafuate mwendo wake na asiachwe mtu. Mwenye nguvu kuliko wote alikaa nyuma kabisa, akaitwa Mkia. Mkia alivaa filimbi shingoni. Kila njia ilipokata kona, watoto walijihesabu kwa sauti kuanzia mbele, na hesabu haikufungwa mpaka Mkia aitike, "Mkia upo!"

Mwaka huo Mkia alikuwa Kiberenge. Alikula na filimbi, akalala na filimbi, na mama alipomkataza kuipuliza mezani, aliipuliza chini ya meza. Aliyetangulia alikuwa rafiki yake wa dawati moja, msichana mpole aliyefunga kamba za viatu taratibu kama anayefanya mtihani. Jina lake la utani halihitaji maelezo: Jongoo.

Jioni ya kuamkia safari, mama alinyoosha mkono bila kuinua macho kwenye cherehani. "Lete soksi zako nizione."

Mama hakuruhusu vazi litoke nyumbani kabla hajaligeuza ndani nje. "Uzuri wa nguo uko nje," alizoea kusema, "ukweli wake uko ndani."

Kiberenge alijua vizuri kwamba soksi ya kushoto ina tundu kisiginoni. Lakini kuileta maana yake ni kuketi na kungoja, na nje wenzake walikuwa wanaruka kamba.

"Soksi zangu nzima, mama!"

Kisha akachukua uzi mnene, ule wa kushonea mabegi ya turubai, akaliziba tundu mbiombio, akamalizia kwa fundo kubwa kama punje ya hindi. Mtoto wa fundi cherehani huyo, jamani! Lau cherehani ingekuwa na miguu, ingehama nyumba kwa aibu.

Siku ya kwanza ilikuwa raha tupu. Msitu ulinukia mvua, nyani waliwazomea kutoka juu ya miti, na watoto nao wakawazomea nyani mpaka mwalimu akauliza ni kundi lipi hasa alilokuja nalo. Siku ya pili, fundo lilianza kumsalimia Kiberenge kisiginoni. Kufikia jioni halikusalimia tena, lilikuwa linauma. Lengelenge lilikuwa limefura, jekundu, lina maji.

Sasa, kila jioni mwalimu alikagua miguu ya kila mtu mbele ya mahema. "Mlimani miguu ndiyo gari," alisema, "na gari hukaguliwa." Kiberenge alijua kwamba mwenye lengelenge hawi Mkia. Mwalimu alipofika kwake, alikuwa na kijiko cha uji mkononi na jicho moja kwenye sufuria. Kiberenge akanyoosha mguu wa kulia.

"Safi. Na mwingine?"

Kiberenge akaukunja, akajigeuza, akanyoosha mguu uleule wa kulia.

"Safi pia," alisema mwalimu, akaukimbilia uji wake uliokuwa unafurika.

Jongoo aliinama sikioni mwa rafiki yake. "Mbona wewe una miguu miwili ya kulia?"

"Shughulika na mwendo wako!"

"Mwambie mwalimu, Kibe. Au nimwambie mimi?"

"Ukimwambia, dawati tunagawana kwa chaki!"

Jongoo hakumwambia mwalimu, lakini uji wake hakuumaliza.

Siku ya tatu walipanda mgongo wa mlima. Kila hatua kisigino kilipiga kelele ndani ya kiatu. Tatizo la kuwa Mkia ni kwamba nyuma yako hakuna mtu wa kukuona unachechemea. Kiberenge aliachwa hatua chache, kisha nyingi. Akaketi juu ya jiwe alegeze kamba, mara moja tu. Alipoinua kichwa, ukungu ulikuwa umeshuka kama shuka jeupe, na wenzake hawakuonekana.

Alisimama, akafuata kilichoonekana kuwa njia. Mawe yakawa madogo, majani yakawa marefu. Akapiga kokoto kwa ncha ya kiatu. Kokoto ikaondoka mbele yake, na hakusikia ikianguka. Akangoja. Kisha, mbali sana huko chini: *ti*.

Kiberenge aliganda. Sheria ya chama aliijua hata usingizini: ukipotea, simama hapo hapo, piga filimbi mara tatu. Lakini akipiga, mwalimu atakuja, atamvua kiatu, na filimbi itakwenda shingoni mwa mwingine. Aliishika ile filimbi. Aliitazama kokoto isiyokuwapo tena. Filimbi ina faida gani kwa shingo iliyoko korongoni?

*Priii! Priii! Priii!*

Kimya. Moyo wake ukadunda kuliko cherehani. Akapuliza tena, na safari hii ukungu ukajibu: *Priii!*

Ilikuwa filimbi ya mwalimu. Huko mbele, kumbe, msafara ulikuwa umeshasimama. Jongoo alikuwa amehesabu "Moja!" kwenye kona, akasikiliza mpaka mwisho, na "Mkia upo!" haikuja. Basi akakita miguu katikati ya njia, akamweleza mwalimu habari ya miguu miwili ya kulia, potelea mbali dawati.

Walimjia wameshikana kamba, mwalimu mbele na Jongoo nyuma yake, anahema.

"Nimekuja mbio," alisema Jongoo.

Kiberenge alicheka na kulia kwa pamoja, jambo gumu kulifanya kwa pua moja iliyoziba.

"Mwalimu, mguu wa kushoto sikuuonyesha," alisema kabla hajaulizwa. "Nilikudanganya. Na mama nilimdanganya pia."

Mwalimu hakufoka. Alikisafisha kisigino kwa maji safi, hakulipasua lengelenge, akalifunika kwa kitambaa na plasta, akampa soksi yake mwenyewe, ndefu mpaka gotini. "Na mimi nilikagua uji, sikukagua miguu," alisema. "Tumekosa wawili. Haya, desturi ni desturi. Leo wa polepole ni nani?"

Kiberenge akavua filimbi, akamvisha Jongoo, akaenda mbele akichechemea. Na hapo ndipo alipogundua siri ambayo Mkia hajui: aliye mbele huona kwanza. Upepo ulifungua ukungu kama pazia, na ziwa lote likalala chini yao, linametameta.

"Ziwaaa!" alipiga kelele Kiberenge.

"Mkia upo!" aliitika Jongoo kutoka nyuma kabisa, kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo.

Nyumbani, Kiberenge aliiweka ile soksi juu ya cherehani bila kuambiwa, ikiwa imeshageuzwa ndani nje, akamsimulia mama yote. Mama alilibonyeza fundo kwa kidole gumba. Mabega yakaanza kumtikisika, kisha akaangua kicheko mpaka akashika mbavu.

"Mwanangu, hili ni fundo au ni kitasa cha mlango?" Akafuta machozi, akamvuta karibu. "Sikiliza. Tundu ungelileta mapema, lingekula uzi kidogo na dakika chache. Umelificha, likala kisigino, nusura likule wewe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kidonda kikiwa kidogo kionyeshe, na kosa likiwa dogo liseme. Sawa?"

"Sawa, mama. Mficha lengelenge, soksi humuumbua."

"Haya, keti hapa nikufundishe kushona."

Na Kiberenge akaketi. Akatulia kabisa, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, mpaka soksi ikaisha kushonwa.