Waya Bubu

Kipigishamoyo kilichokuwa kifuani mwa Shangazi Atupele hakikuzidi punje ya mtama, lakini ndicho kilichomfanya aishi. Kiliusukuma moyo kwa umeme, na ndugu aliyetaka kumjulia hali alibonyeza simu tu, kikamjibu papo hapo: mzima. Mbeya nzima ilikisifu. Yusta, mhandisi aliyelelewa na huyo shangazi, ndiye aliyekisanifu.

Sasa moyo ulikuwa ukiruka mapigo.

“Naongeza maulizo,” alisema Daktari Hemedi kando ya kitanda cha hospitali, kidole kwenye mtambo wa kukiuliza kifaa. “Nataka jibu kila sekunde.”

Alipobonyeza tu, moyo ukasita, ukasita tena. Hapo Yusta akaelewa. Ndani ya kifaa, waya wa majibu ulipita ubavuni mwa waya wa mapigo, na umeme ukibadilika ghafla kwenye waya mmoja, jirani yake hushtuka bila kuguswa. Ndiyo maana wasanifu hulaza katikati waya bubu, usiobeba ujumbe wowote, kazi yake kumeza ule mshtuko. Ofisini kwao waya huo waliutania kuwa ni mla bure. Yusta aliuondoa ili kifaa kiwe kidogo zaidi, akapigiwa makofi.

“Acha kumuuliza, Daktari!”

“Nisipouliza nitajuaje kama yu hai?”

“Weka mkono kifuani.”

Daktari akazima mtambo, lakini moyo uliendelea kukwama. Ukoo mzima ulikuwa unabonyeza, kuanzia Tukuyu hadi Kyela. Yusta akatuma sauti kwenye kundi lao: “Jamani, msimjulie hali Shangazi. Nawasihi.”

“We Yusta una wazimu?” alijibu kaka yake. “Mgonjwa asijuliwe hali?” Wakazidi kubonyeza kwa hofu.

“Kosa ni langu!” alilia Yusta. “Kila mkimuuliza, mnamuua!”

Kundi zima likaacha kubonyeza. Chini ya kiganja cha Yusta pigo moja likaja, likafuatiwa na jingine, hadi yakashika mwendo. Shangazi akavuta pumzi ndefu. Yusta alitaka kucheka, akashindwa alipoona uso wa daktari.

“Tumeshapoteza watu wenye kifaa hiki,” alisema Hemedi taratibu. “Wote walikuwa na jamaa wengi. Yule mzee wa wodi ya pili, asiye na ndugu, hajawahi kuyumba hata siku moja.”

Hemedi akautazama mlango.

“Kuna mama aliyemjulia hali mwanawe kutwa nzima, mpaka kifaa kikaacha kumjibu. Yuko hapo nje, anataka kujua mwanawe ameuawa na nini. Nani atamwambia?”

“Mimi,” alisema Yusta, lakini mkono wake ulikataa kutoka kifuani mwa shangazi.